Tundu la Nyuma ya Sinki

Maji yalikuwa yamekatika mtaa mzima tangu wiki iliyopita, na yaliporudi asubuhi ile yalirudi kwa hasira. Mabomba yakaanza kukohoa ndani ya kuta, kwanza bafuni, kisha ukumbini, yakitapika upepo na kutu. Kitinda, aliyekuwa sebuleni akipinda ukingo wa pazia kwenye cherehani, akashukuru kimoyomoyo. Ndoo zote zilikuwa tupu, na mama yake alikuwa ameogeshwa kwa kitambaa na maji ya kikombe siku zote hizo.

Akaiacha cherehani, akaenda jikoni kufungua koki. Hakuwahi hata kuigusa. Chini ya sinki kitu kilipasuka kwa mlio mkavu, kama mtu kavunja ubao gotini, na kufumba na kufumbua miguu yake ilikuwa imelowa.

Alifungua kabati la chini ya sinki. Bomba la chuma lilikuwa limepasuka pale linapopinda kuingia ukutani, na maji hayakuwa yakimwagika tu, yalikuwa yakifyatuka. Yalipiga ukuta hadi lipu ikabanduka bonge zima, na nyuma ya lipu ile kukaonekana tundu la ukubwa wa kisosi. Marehemu baba yake, mwashi aliyeijenga nyumba ile kwa mikono yake, alikuwa amelipitisha bomba kwenye tundu hilo akaziba juu juu. Baba alikuwa hodari wa kuficha mabomba ukutani. Wapi yanapita, wapi yanakutana, hakumwambia mtu, na siri hiyo alikwenda nayo.

Upande wa pili wa tundu kilikuwa chumba cha mama.

"Kitinda," mama aliita kutoka kitandani. "Maji yanaingia huku."

"Nayaona, mama. Bomba limepasuka."

"Yanakuja mengi."

Kitinda alipiga magoti, akaingiza kichwa na mabega ndani ya kabati, akauvua mtandio wake na kuukandamiza kwenye ufa kwa viganja vyote viwili. Maji yakapungua, yakawa yanachuruzika tu katikati ya vidole. Akashusha pumzi. Sasa jambo lililobaki lilikuwa kufikiri.

Akachungulia kwenye tundu. Shavu lake lilikuwa limegandamana na ukuta, na kwa jicho moja aliona kipande cha sakafu ya chumba cha mama: mguu wa kitanda, ndala zilizopangwa ubavuni, na katikati ya sakafu, pale saruji ilipobonyea, ekstensheni ya umeme. Ndiyo iliyolishwa na soketi ya ukutani na kuliendesha lile godoro la hewa la mama, godoro walilopewa na hospitali asipate vidonda vya mgongo. Maji yaliyokwisha kuingia yalikuwa yamejikusanya kuelekea kwenye kibonyeo kile, taratibu, yakitanguliza ulimi. Bado kiasi cha shibiri yafike.

Alijua mara moja amekwama. Swichi kubwa ya umeme ilikuwa mumo humo chumbani, juu ya mlango, kwa kuwa zamani chumba kile kilikuwa sebule na baba aliona haja ya kujenga sebule nyingine bila kuona haja ya kuhamisha swichi. Akiachia bomba akimbie, maji yatafyatuka kupitia tundu na kuifikia ekstensheni kabla yeye hajafika mlangoni. Kisha itambidi akanyage maji hayo hayo, pekupeku.

Alijaribu hata hivyo. Aliulegeza mkono mmoja, aone tu. Maji yakaruka kama yaliyokuwa yakisubiri, yakatua hatua moja kutoka ekstensheni. Akaurudisha mkono haraka hadi kifundo kikagonga chuma.

"Usifanye tena hivyo," mama alisema.

"Sifanyi."

"Umeme upo hapa chini."

"Najua, mama. Naiona ekstensheni."

Simu yake ilianza kuita sebuleni, juu ya meza ya cherehani. Iliita mpaka ikachoka.

Kitinda alikuwa na jina lake la shule, lakini hakuna aliyelitumia. Alizaliwa wa mwisho, kitinda mimba, wakamwita Kitinda, na jina likamganda hata alipovuka miaka arobaini. Ndugu zake waliolewa, wakaoa, wakahama. Yeye aliolewa, akaachika mapema bila mtoto, akarudi nyumbani na cherehani yake. Alipokuwa anafikiria kuondoka tena, baba akafa. Alipomaliza kulia na kuanza tena kufikiria kuondoka, mama akateleza bafuni akavunjika nyonga. Wakamtia chuma hospitalini, wakasema atatembea akifanya mazoezi. Mama alifanya mazoezi siku chache, akalia kwa maumivu, akasema basi. Tangu hapo alikuwa wa kitandani. Kitinda ndiye aliyemgeuza, akamwogesha, akamwekea chombo cha haja na kukiondoa. Kaka yake alipopigiwa simu aje kusaidia, jibu lilikuwa moja siku zote: wewe si upo?

Wiki iliyotangulia, rafiki yake wa tangu shule alimpigia kutoka mji mwingine. Alikuwa na karakana ya mapazia, amepata kazi kubwa ya hoteli, anataka msimamizi wa mafundi, na hakuna mtu anayemwamini zaidi yake. Kuna chumba juu ya karakana, alisema, kina dirisha linalotazama barabara. Kitinda aliomba siku moja ya kufikiri. Usiku huo alimsikia mama akikoroma kupitia ukuta, na asubuhi akampigia rafiki yake akasema haiwezekani. Rafiki yake akasema, "Nitangoja mpaka mwisho wa mwezi. Ukibadili mawazo."

Sasa alikuwa amepiga magoti chini ya sinki, maji yanamtiririka kwapani, na hakuna aliyejua yupo pale isipokuwa mtu asiyeweza kushuka kitandani.

"Mwite Mzee Redio," mama alisema.

Jirani wao, karani mstaafu, aliitwa Mzee Redio kwa sababu redio yake ilisikika hadi njia panda. Kitinda akaita. Mama akaita. Wakaita pamoja, mmoja huku mmoja kule, na redio ikawajibu kwa taarifa ya bei za mazao.

"Haina haja," mama alisema. "Tujikaze. Mchana presha hushuka, maji hukatika yenyewe."

"Yamerudi leo, mama. Hayatakatika leo."

"Hawa watu wa maji huwajui wewe."

Kitinda alicheka bila kupenda, na kucheka kukamlegeza mkono, akaacha kucheka.

Muda ulipita, yeye hakujua kiasi gani. Kwanza mabega yaliuma, kisha yakaacha kuuma, na hilo lilimtisha zaidi. Vidole vilikufa ganzi. Alibadilisha goti la kuegemea, akakuta kila goti lina kokoto lake la lipu. Mtandio ulijaa maji ukawa mzito, presha ikawa inausukuma kutoka chini kama kitu kilicho hai, na kila uliposukumwa alisukuma na yeye. Simu iliita tena. Akawaza nani: mteja wa mapazia, au rafiki yake, au kaka. Yeyote yule, angedhani ameacha simu makusudi.

Kilichomkaba hasa hakikuwa maji. Ni lile wazo lililomjia bila kubisha hodi: kwamba hakuna tofauti kubwa kati ya asubuhi hii na nyingine. Kila siku kuna kitu anachokishikilia, na kila siku akikiachia mama yake atadhurika. Leo kitu chenyewe kina umbo tu. Machozi yakamtoka, na kwa kuwa alikuwa amelowa kichwa mpaka kiuno hakujisumbua kuyafuta, wala asingeweza.

"Unalia?" mama aliuliza.

"Maji ya bomba haya."

Maji yaliyokuwa yakichuruzika katikati ya vidole yalikuwa madogo, lakini hayakuacha, na kupitia tundu Kitinda aliona ule ulimi ukisogea. Shibiri ikawa nusu shibiri. Ukazunguka ufa wa saruji, ukasimama, ukaendelea.

"Mama," alisema. "Unaweza kujivuta mpaka ukingoni? Ukae upande wa ukutani, usiguse chuma cha kitanda. Mimi nitaachia nikimbilie swichi."

"Utakanyaga maji."

"Nitaruka."

"Utaruka wapi na umepiga magoti tangu asubuhi? Miguu yenyewe unayo?"

Hakuwa nayo. Alijaribu kuchezesha vidole vya miguu, hakuvisikia.

"Nitahesabu mpaka tatu," Kitinda alisema.

"Hapana."

"Mama, yatafika tu. Nikiachia au nisipoachia yatafika."

"Nimesema hapana. Bakia hapo hapo."

Kisha kitanda kikalia, ule mlio wa chuma alioujua, lakini hakikulia kama kinavyolia mtu akijigeuza. Kililia mara moja, kama kinavyolia kikipungukiwa mzigo.

Kupitia tundu, miguu ya mama yake ikashuka sakafuni.

Ilishuka yote miwili. Ikazitafuta ndala na kuzipata bila kuhangaika, kama miguu inayozijua ndala zake. Halafu kati ya miguu ile ikatua ncha ya mpira, nyeusi. Ilikuwa ncha ya mkongojo wa hospitali, mkongojo ambao Kitinda aliutafuta nyumba nzima mwaka wa kwanza, mama akimwambia labda waliusahau wodini.

Miguu ikaanza kutembea. Haikutembea vizuri, ule wa kulia ulikuwa mzito na ulikuwa ukiburutwa kidogo, lakini ilitembea. Haikuelekea kwenye maji. Ilizunguka kwa upande wa kabati la nguo, penye sakafu kavu, ikaufuata ukuta hadi ikatoka kwenye upeo wa jicho lake. Kitinda alisikiliza. Ndala, mkongojo, ndala. Alisikia kitu kikigonga ubao juu ya mlango mara moja, mara mbili. Kisha friji jikoni, nyuma ya mgongo wake, ikaacha kuunguruma.

Hatua zikaingia ukumbini. Alizisikia zikija, na hakuweza kugeuka. Zikasimama mlangoni mwa jikoni.

"Achia sasa," mama alisema. "Umeme nimezima."

Kitinda hakuachia.

"Mwanangu, achia. Hakuna hatari tena."

"Tangu lini?"

Mkongojo wa mama uligonga sakafu mara moja.

"Nakuuliza, mama. Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana." Sauti ilikuwa ndogo. "Ulikuwa umekwenda kupeleka mapazia. Ukachelewa. Nikabanwa. Nikasema wacha nijaribu, nikianguka nimeanguka. Nikafika mpaka chooni."

"Na hukuniambia."

"Nilitaka kukwambia siku hiyo hiyo. Uliporudi ulikuwa unazungumza na simu, unacheka. Nikasema nitamwambia kesho."

Kitinda alitaka kutoa mikono, akakuta haitoki. Vidole vilikuwa vimekakamaa juu ya chuma. Ilimbidi aing'oe mikono kwa uzito wa mwili, akajirudisha nyuma hadi akakaa sakafuni, na maji yakafyatuka kwa nguvu zake zote kupitia tundu, kuelekea chumba kisicho na mtu. Wote wawili wakayatazama. Mama alikuwa amesimama kwenye fremu ya mlango, gauni la kulalia limemning'inia, mkono mmoja ukutani, mwingine kwenye mkongojo. Kitinda hakuwa amemwona akiwa wima kwa muda mrefu hata alikuwa amesahau kwamba mama yake ni mrefu kumzidi.

Alisimama kwa kushika meza, miguu ikimchoma kama imetiwa pilipili, akampita mama yake mlangoni bila kumgusa, akatoka nje.

Koki kuu ilikuwa kwenye shimo karibu na lango, ndani ya matope, na ilikuwa imekula kutu hadi haikumbuki kufungwa. Alipambana nayo mpaka kiganja kikachunika. Ndipo akaenda kwa Mzee Redio, akaingia bila hodi, akaizima redio mwenyewe. Yule mzee alitaka kukasirika, lakini alipomwona alivyo akachukua spana kubwa na mafuta ya taa bila kuuliza. Wakaipaka koki mafuta, wakaigonga, wakaikaza wote wawili, yeye akivuta na mzee akisukuma, mpaka ikalia na kuzunguka.

"Twende tumwangalie mama," mzee alisema akifuta mikono. "Maskini, mtu wa kitandani na maji hivi."

Kitinda akatangulia. Alipofungua mlango wa chumba, mama yake alikuwa kitandani, chali, shuka limempanda hadi kifuani. Godoro la hewa lilikuwa limeanza kunywea, nalo lilikuwa likimmeza polepole. Mkongojo haukuonekana.

"Pole sana, dada," Mzee Redio alisema kutoka mlangoni, maana maji yalikuwa yamejaa chumba.

"Nimepoa, kaka yangu. Tungefanyaje."

Mama alisema hivyo kwa sauti ile ile ya kila siku, sauti ya mgonjwa, ya chini, yenye pumzi mwisho. Kitinda alikuwa akiisikia kila asubuhi. Sasa aliisikia kama nguo aliyoijua iliyogeuzwa nje ndani, mishono yote ikionekana.

Mzee alipoondoka, Kitinda alichukua dekio na ndoo akaanza kukausha. Alikausha kwa muda kabla hajauliza.

"Kwa nini umerudi kitandani?"

"Angeniona."

"Kwani kutembea ni wizi?"

"Kitinda, usimwambie kaka yako." Mama alikuwa akiangalia dari. "Ataniona mwongo."

"Na mimi nikuone nani?"

"Wewe wajua."

"Sijui, mama. Nieleze. Jana nilikuinua nikakuwekea chombo. Juzi mgongo ulikuwa umenishika, nikakuinua hivyo hivyo, ukaniambia pole. Nieleze mimi nikuone nani."

Mama alifumba macho. "Nyumba hii ni kubwa," alisema mwishowe. "Baba yako aliijenga kubwa mno. Ukienda dukani tu, ukikawia kidogo, nasikia inavyokuwa. Nikawaza, siku akijua natembea, ataondoka."

"Ningeondoka, ndiyo."

"Basi."

"Ningerudi kukuona."

"Wote walisema watarudi," mama alisema.

Kitinda akakamua dekio kwenye ndoo. Hasira ilikuwa imemjaa, lakini haikuwa na pa kutokea. Huwezi kumfokea mtu aliyefunikwa shuka. Akaendelea kukausha, kwa kuwa maji yalikuwepo na dekio lilikuwa mkononi, na kila alipofika karibu na kitanda aliona ndala mbili zilizolowa, zimesukumiwa chini kwa haraka, moja imepinduka.

Walipopigiwa simu, kaka yake alifika mchana, na fundi bomba naye akafika, jambo lililowashangaza wote. Fundi huyo alijulikana kwa jina la Fundi Kesho. Aligonga ukuta kwa nyundo ndogo kuanzia jikoni hadi bafuni, akisikiliza kama daktari, kisha akarudi na sura ya msiba.

"Hili si la kubandika," alisema. "Bomba limeoza lote. Leo nikiziba hapa, kesho litapasuka hatua mbili mbele. Mjue kabisa, nitavunja ukuta, jikoni, chumba hiki, ukumbi, mpaka bafuni."

"Utaanza lini?" Kaka akauliza.

"Kesho," fundi akasema, na hakuna aliyecheka isipokuwa yeye mwenyewe.

Wakabaki watatu chumbani, Kaka amesimama penye pakavu akilinda viatu vyake.

"Mama hawezi kulala kwenye vumbi," Kitinda alisema. "Mchukue kwako mpaka ukuta uzibwe."

Kaka akajikuna shingo. "Kwangu ni ghorofa ya tatu. Ngazi zile nani atambeba? Wifi yako mwenyewe mgongo hauna nguvu. Na hivi vitu vya kuogesha, vyombo, hajazoea." Akatazama huku na huku. "Chumba chako si kikavu? Tumhamishie humo. Wewe utandike sebuleni, uwaangalie na mafundi. Wewe si upo?"

"Nimepata kazi," Kitinda alisema.

"Kazi gani?"

"Ya mapazia. Mji mwingine. Nimeambiwa niwe msimamizi."

Kaka alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba meza imepata kazi. "Na mama?" aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama anavyouliza mtu asiyejua kweli.

Jibu lilikuwa ulimini. Neno moja tu, na kila kitu kingegeuka. Kitinda akamtazama mama yake. Mama alikuwa ameikazia dari macho, mikono imeshika ukingo wa shuka, na kwenye shingo yake mshipa mmoja ulikuwa ukipiga. Hakuomba. Alingoja tu, kama mtu anayengoja kupigwa.

Kitinda akafungua kinywa, akakifunga. Hakujua kama ilikuwa huruma au mazoea. Alijua tu kwamba neno lilikataa kutoka, na kwamba akinyamaza sasa atakuwa amenyamaza moja kwa moja. Alisikia mikono yake ikikaza yenyewe, kama bado iko kwenye bomba.

"Unaona?" Kaka alisema kwa upole. "Mambo mengine ni ya kupanga taratibu. Njoo tumbebe. Wewe shika miguu."

Akavua saa yake, akaiweka mfukoni, akainama juu ya kitanda na kupitisha mikono chini ya mabega ya mama.

"Niache," mama alisema.

"Sitakuumiza, mama."

"Niache, nimesema. Sogea."

Kaka akasogea. Mama akalisukuma shuka, akakaa. Akaishusha miguu, mmoja mmoja, na ndala zilipokosekana akakanyaga sakafu yenye unyevu. Akainama, akauvuta mkongojo kutoka katikati ya godoro na ukuta. Akasimama. Hakumwangalia mwanawe wa kiume hata kidogo. Alimwangalia Kitinda, akaanza kutembea, akaupita mlango, akaenda zake chumba cha pili.

Kaka alikaa juu ya maji bila kujua. Viatu alivyokuwa akivilinda vikalowa, na suruali pia. "Mama anatembea," alisema kwa sauti ya mtoto. Kisha akaanza kulia, akatoa simu akampigia mkewe. "Mama katembea. Nakwambia kwa macho yangu. Maji yamemshtua, mwili umeamka. Mungu ni mkubwa." Mzee Redio akaja, Fundi Kesho akarudi kutoka langoni, na kila mmoja aliyeingia alisimuliwa upya, na kila aliposimulia Kaka alitia chumvi kidogo. Mama alikuwa amekaa kwenye kitanda cha Kitinda, akipokea mikono ya watu. Hakukubali wala hakukanusha.

"Basi mambo yamekuwa rahisi," Kaka alisema watu walipopungua, akifuta macho. "Kama anatembea, haina haja ya kumhamisha. Mtakaa hapa raha mustarehe, wewe na yeye."

Kitinda alihisi kuta zikisogea. Alijiegemeza mlangoni.

"Nani atakaa?" mama aliuliza. Sauti haikuwa ile ya mgonjwa. "Mwenzangu hapa ana safari. Ukuta ukizibwa anaondoka. Wewe utakuja kila mwisho wa wiki, na mkeo atatafuta binti wa kunisaidia kupika. Kama hutaki, nitapanda ngazi zako polepole mpaka nifike, nikae huko."

Kaka alitazama huyu, akatazama yule. Akasema sawa.

Kitinda hakumshukuru mama yake. Aliona kwamba shukrani haikuwa mahali pake, na tusi pia halikuwa mahali pake. Usiku ule walilala kitanda kimoja kwa kukosa kingine, migongo imepeana, na kila mmoja alijua mwenzake yu macho. Asubuhi mama aliamka wa kwanza, akaenda chooni mwenyewe, mkongojo ukigonga ukumbini bila kujificha. Kitinda alilala akisikiliza ule mlio. Ulimfurahisha, ukamuuma papo hapo.

Fundi Kesho alivunja, akaunga, akaziba, akachelewa kama ilivyotarajiwa. Nafasi ya usimamizi ilikuwa imeshapata mtu Kitinda alipopiga simu. Rafiki yake alikuwa amengoja mpaka alipoweza kungoja. Akampa kazi ya kawaida ya kushona, pamoja na mafundi wengine, na chumba cha juu wakagawana wawili. Kitinda alikwenda hivyo hivyo. Siku za mwanzo alikuwa akishtuka kila alfajiri kwenda kumgeuza mtu ambaye hayupo.

Alirudi kwa mara ya kwanza siku ndugu wote walipokutana nyumbani. Ukuta wa jikoni ulikuwa umepakwa rangi mpya isiyolingana na ile ya zamani. Kaka alikuwa katikati ya hadithi yake, watoto wake wamemzunguka, na hadithi ilikuwa imekua: maji yalikuwa yamefika usawa wa kitanda, na mama alikuwa ameinuka kama mtu aliyeitwa kwa jina. Alipomwona Kitinda mlangoni akasema, "Muulizeni shangazi yenu, yeye alikuwepo. Haya, waeleze ulivyoona."

Nyuso zote zikamgeukia. Mama yake alikuwa akimenya vitunguu pembeni. Kisu kikasimama.

"Mimi nilikuwa chini ya sinki," Kitinda alisema. "Niliona miguu tu."

Watoto wakacheka. Kisu kikaendelea. Baadaye kidogo mama akajisogeza kwenye benchi kumpisha, bila kuinua macho, na Kitinda akaenda akaketi karibu naye, akachukua kitunguu akaanza kumenya. Walimenya bila kuzungumza hadi bakuli likajaa. Kisha akanawa mikono, akaaga, kwa kuwa basi lake lilikuwa linaondoka jioni ile na alitaka kuwahi kiti cha dirishani.